Kufura

Saa nne asubuhi, maabara ya Tunguu.
Umeme umerudi, feni haijapata habari.
Nimeukata utando kwa wembe, mraba wa kidole gumba:
mkavu, buluu, buluu ya shingo ya tausi,
na ndani yake hamna rangi hata tone.
Ni selulosi tupu, nyuzi zilizolala
kama mikeka iliyotandikwa juu kwa juu,
kila mmoja umepinda kidogo kuliko wa chini yake.
Nuru ikiingia mle hupotea njia,
ikarudi imevaa.

Nautia majini. Nahesabu.
Dakika ya pili, kijani.
Ya tano, bizari.
Ya kumi na moja, wekundu wa shokishoki.
Upana ule ule, urefu ule ule;
umeongezeka unene tu,
kama mtu aliyeambiwa neno akalimeza.

Jana niliutia mwingine, nilousahau kuufunga,
usio na vile vifundo vya kuvuka uzi hadi uzi.
Haukufura. Uliyeyuka.
Haroub akauliza, "Uko wapi?"
Nikamwonesha maji.

Mama yangu, Bi Mize wa Charawe,
huzika makumbi kwenye tope la pwani,
miezi sita, akayafukua yananuka,
akayaponda, akasokota kamba pajani.
Nilipomweleza kazi yangu alicheka:
"Skuli miaka yote hiyo, kuroweka?"

Miguu yake siku hizi yavimba.
Daktari alibonyeza kwa gumba,
shimo likabaki. Tukalitazama wote watatu
kwa muda uliopita adabu.

Leo nimeleta maji ya kwao, chupa ya soda, mchanga chini.
Maji ya bomba: unene mara mbili na nukta moja.
Maji ya Charawe: mara moja na nukta nne.
Chumvi imeyashika maji, imeuambia utando basi.
Umekomea kijani.
Na daktari alisema chumvi ndiyo imvimbishayo mama.
Nimeandika yote mawili,
moja kwenye daftari la kazi,
jingine nyuma ya risiti ya dawa.

Nimeuanika dirishani. Unarudi taratibu,
manjano, kijani,
pembeni umeshaanza buluu.
Nampigia.
"Mama, umekunywa vidonge?"
Nasikia kitu kikichomolewa topeni, kizito.
"Nipigie baadaye," anasema,
"maji yamekupwa."