Sura ya Tisa

Kitabu kilikuwa kimoja tu Mvumi nzima,
jalada limeshonwa kwa uzi wa kiroba,
na mimi niliyekiokota mnadani Msalato
kati ya viatu vya mtumba na ndoo za plastiki
ndiye niliyeshika daftari la kuazimisha:
jina, tarehe, siku ya kurudisha.

Wote walifuata sura ya tisa.
Zile nane walizipita
kama mtu akatizaye sokoni akiwahi msiba.
Maana katika sura ya tisa wafu wanawasili.
Wanaogeshwa kwa maji ya vuguvugu,
wanavuliwa makovu kama nguo za safari,
na kila mmoja, mkongwe kwa mtoto,
anapewa umri uleule: miaka thelathini.
Hakuna njaa. Hakuna anayetazama mawingu.

Nyemo wa mashamba ya zabibu alikirudisha siku ya tatu.
"Hayo maji ya vuguvugu, nani anachochea kuni?"
Akacheka hadi akaketi juu ya gunia.
Kisha, sauti ikishuka:
"Lakini hiyo thelathini naitaka.
Mgongo ulikuwa bado wangu."

Mzee Lungwa alisomewa na mjukuu
usiku wa Julai, upepo ukipekua mlango.
Kulipokucha akaja mwenyewe, fimbo mbele,
akaweka kidole kwenye paji la uso,
pale penye duara la nindi
alilotiwa kabla hajajua kuhesabu mbuzi.
"Na hili wanalifuta?"
Wanalifuta, mzee.
"Basi baba atanipita kama mgeni."
Alifika njiani, akageuka:
"Huyo aliyeandika, nani alimtuma?"

Mwinjilisti Chibago hakusema neno.
Alipiga mstari chini ya aya nzima, kwa rula,
akaandika pembeni kwa wino mwekundu: SI KWELI.
Ukifunua ukurasa wa pili,
wino uleule, herufi ndogo kama mayai ya chawa:
ingekuwa heri.

Dada Foibe wa wodi ya wazazi alikaa nacho miezi miwili.
Nilipomdai alisema hakimo mkononi mwake,
kinatembea kitanda hadi kitanda, chini ya mito,
wanakisoma usiku wale ambao hawana wa kunyonyesha.

Kiliporudi kilinuka spiriti na unga wa uwele.
Ukurasa wa mia na kumi na mbili,
ubavuni mwa neno thelathini,
mtu alikuwa ameandika kwa penseli,
akikandamiza hadi karatasi ikatoka nundu upande wa pili:

Wangu alikuwa wa siku kumi na moja.
Nitamjuaje?

Chini yake, kalamu ya bluu, mkono mwingine:
Huyu mtunzi hajawahi kuzaa.

Na chini kabisa mwandiko wa tatu,
mistari ikipanda kama mbuzi mlimani:
Mnuse utosini.

Nilimuuliza Foibe ni akina nani.
Alikuwa anakunja mashuka. Aliendelea kukunja.

Mimi napenda vitabu safi.
Nimelelewa na baba aliyevisha hata daftari la madeni gazeti.
Kifutio kipo kwenye droo, nilikitoa,
nikafuta herufi moja, ile N ya mwanzo ya nitamjuaje,
halafu nikakaa muda mrefu nikiitazama itamjuaje,
nikairudishia N kwa mkono wangu,
na sasa inaonekana, haifanani na nyingine.

Jana kaja kijana wa bodaboda.
Mama yake, huko Handali, amesikia habari za sura ya tisa.
Kusoma hajui, atasomewa.
Nikaandika jina. Nikaandika tarehe.
Nikachonga penseli, fupi kama kidole gumba,
nikailaza ndani, mia na kumi na mbili,
nikafunga kitabu kikabaki na kitumbo.

Siku ya kurudisha
sikuijaza.