Sita kwa Kumi

Ghorofa ya nne, juu ya duka la leso,
Barabara ya Biashara,
Bwana Odera atugawia vioo vidogo
kila mtu autazame mdomo wake.
"Ulimi kati ya meno. Puliza. Usiung'ate."

Mimi hilo nalijua.
Mwalimu wa chuo alinichapia herufi hizo
kabla sijaota meno ya pili.
Nahesabu thelathini bila kutema mate.
Jirani yangu Nekesa amelowesha kioo chake chote.

Hapa naitwa Moni.
Mwanakombo ni refu, wasema, simu ni pesa.
Kadzo wa Kaloleni wamempa Keti,
kwa kuwa jina lake halina mdomo
huko linakopelekwa.

Neno la juma hili ni maji.
Wa Texas hulilegeza kiunoni: wora.
Wa London hulikata kooni,
wo'a, kama aliyekwamwa na mwiba wa tasi.
Wa Mumbai huanza na meno juu ya mdomo: vota.
Wa Lagos hulinyoosha kama rula.
"Sasa sahihi ni lipi?" Kadzo auliza.
Bwana Odera aangalia feni.
"La mteja," asema. "Wa simu hiyo."

Nilipokuwa darasa la tano
niliandika *ndia* kama tunavyoenda nayo nyumbani,
na *mato*, yale ninayoonea.
Wino mwekundu ulijaa ukurasa mzima.
Tangu siku hiyo nimejua kuvua mdomo mlangoni
kama ndara,
na kuukuta palepale nikitoka,
mara nyingine umegeuzwa kushoto kulia.

Alhamisi, saa tano usiku, simu.
Mzee. Birika lake la umeme halichemki.
Kiingereza chake kina mawe,
katika maneno matatu naokota moja.
Namuuliza anwani.
"Akhenbrekh," asema, na papo hapo
aanza kunitajia herufi, mojamoja,
kwa sauti ya mtu aliyezoea kukosewa.

Nikamkatiza.
*Akhenbrekh.*
Kwa kha ya kheri, ya khamsini,
ya shangazi Khadija akisafisha koo
kabla ya kukataa posa.

Kimya. Nikadhani laini imekatika.
Kisha kicheko, kikaingia kikohozi, kikatoka.
"Tena," akasema.
Nikasema tena.
Akamwita mkewe kutoka chumba kingine,
akaniweka kwenye spika,
nikalitaja mara ya tatu kwa ajili ya bibi huyo
nisiyemjua, usiku, mvua ikisikika dirishani kwao.
Birika tulilikumbuka mwishoni.

Ijumaa wakatubandikia alama.
Salamu: kumi. Subira: tisa.
Matamshi: sita kwa kumi.
*Sauti ya koo, si ya kawaida. Ajirekebishe.*
Bwana Odera akakuna kisogo.
"Si mimi, Moni. Mashine ndiyo inayosikiliza siku hizi."

Nikashuka ngazi, nikapita Marikiti,
nikanunua bajia za shilingi hamsini
nikazila kwa hasira mpaka Kuze.

Bomba letu siku ya nne linatoa upepo.
Uchochoroni yuaja Ruwa na mkokoteni wake,
"Madzi! Madzi!"
Nyanya, mzaliwa wa Amu, achungulia dirishani:
"Mai ni kiasi gani leo?"
"Thalathini dumu."
"Jana ilikuwa ishirini!"
"Jana ilikuwa jana, mama."
Wakabishana bei.
Bei tu.

"Mwanakombo," nyanya akaniita, jina zima,
"maji hayo hayatapanda ngazi yenyewe."
Nikainua dumu la kwanza.
*Wora*, nikanong'ona, nijaribu tu,
ulimi ukilegea, na mkono nao ukalegea,
yakanimwagikia miguuni.