Uwanja wa Kugusa, Masasi

Kiingilio mia tatu, mtoto wa mgongoni bure.
Maji ya kunawa yako kwenye ndoo ya bluu,
sabuni imefungwa kamba
kwa sababu ya kwanza iliondoka na mtu.
Usimshike punda mkia. Usimpe sungura biskuti.
Haya nayasema mara arobaini kila Jumamosi
nyuma ya jiwe la Mtandi,
mimi, Bakili Nampunju,
niliyekuja hapa kufunga wavu siku mbili, nikabaki.

Mwenye uwanja ni Bi Somoe.
Mbuzi alimnunua kwa fedha za korosho
zilizochelewa miezi minne,
akamwita Stakabadhi.
Bata mzinga ni Mwenyekiti:
anavimba, anazunguka, anafunga kikao.
Kobe hana jina. Mtu fulani, kabla hajawa wetu,
alimchonga gambani herufi mbili, H na M,
na watoto huzipitishia kidole
kama wanaosoma bahasha ya mtu mwingine.

Sungura mpaka umshike ndipo unamjua:
chini ya manyoya yote yale
moyo unakugonga kiganjani
kama mgeni aliyekosea mlango na hataki kurudi.
Mtoto wa darasa la pili aliniuliza,
"Anko, huyu mmemwekea injini?"

Na kwenye tundu la mwisho, panya buku.
Watoto wa mjini hurudi nyuma,
wakajifuta mikono ambayo haijagusa kitu.
Nankoma, aliyeletwa kwa mjomba wake kutoka Newala,
hakurudi nyuma.
Aliingiza kidole, akamkuna nyuma ya sikio,
akasema taratibu,
"Huyu kwetu ni samaki nchanga."
Wenzake wakaangua kicheko: samaki gani ana masharubu?
"Kambale," akajibu, bila kugeuka.

Alikuja Jumamosi nne.
Sarafu zake mbili zilifika zimeshika joto la kiganja.
Nilimwona akinong'ona kwenye wavu;
sikujua anaomba radhi
au anapima unene.

Halafu malipo ya mnada wa tatu yakakwama.
Masasi nzima ikatia mikono mifukoni.
Jumamosi hiyo hakuja mtu.
Iliyofuata alikuja mwanamke mmoja, kuuliza kama tunauza kuku.
Sabuni ikapasuka kwa ukavu.

Nilidhani wanyama watashukuru kupumzishwa.
Wiki ya tatu, Stakabadhi akawa anasimama langoni tangu alfajiri,
paji la uso amelibana kwenye wavu
hadi likapata alama za miraba.
Nikifagia, punda ananisukuma kwa pua.
Hata Mwenyekiti, adui wa kila kidole,
alikuja akasimama karibu yangu, upandeupande,
kama mtu asiyetaka aonekane anakopa.
Sungura tu ndiye hakuja.
Sungura alinenepa.

Asubuhi moja tundu la mwisho lilikuwa wazi.
Komeo halikuvunjwa, lilivutwa tu,
na juu ya tundu, mia mbili na mia,
zimepangwa, ndogo juu ya kubwa.

"Kaliwa au kaachiwa?" akauliza Bi Somoe.
Nikatazama majani kuelekea kwenye jiwe.
Yalikuwa yamelala, lakini majani ya huku
hulala hata kwa upepo.

Jioni nilimkuta Nankoma sokoni, amebeba mchicha wa shangazi.
Akaniamkia, akanipa mkono.
Kwenye kidole gumba palikuwa na mkwaruzo mmoja mwembamba,
wa kucha ndogo.
Mnyama hukwaruza akishikwa ili afe;
hukwaruza vilevile akibebwa kupelekwa porini.
Nilimuuliza mchicha bei gani.

Nikarudi uwanjani.
Stakabadhi bado alikuwa langoni, anadai.
Nikaweka chini ufagio
nikamlipa, kwa mikono miwili.