Gitaa la Rehani

Lugiko aliniachia gitaa kwa elfu themanini.
Mwezi mmoja tu, mama Nyanzala, akasema, mmoja tu.
Vuli imepita. Masika nayo imepita.

Mimi ni muuza dagaa pale Mwaloni, muziki siujui.
Najua mizani, najua debe lililobonyezwa kitako,
najua deni hulala, anayekesha ni mwenye kudai.
Lakini mama alinifunza: rehani irudi ilivyokuja,
au nzuri kuliko ilivyokuja,
ili mwenyewe aone haya.

Kwa hiyo kila usiku nanawa kwa ndimu mpaka kwenye kiwiko,
maana mkono wenye shombo ni adui wa waya,
kisha nalilaza mapajani
kama mtoto anayenyolewa.

Nilianza na shingo.
Vile vichuma vinavyokatiza ubao, sijui vinaitwaje,
pembeni mwake palikuwa na nongo nyeusi,
jasho la Lugiko la harusi ngapi, la kipaimara ngapi.
Nikaikwangua kwa mswaki mkuukuu na ukucha wangu.
Kumbe ubao ni mwekundu kama chai ya rangi.

Nikaligeuza, tundu likatazama chini, nikalitikisa.
Wakamwagika wale wadudu wa ziwani
wanaokuja kama moshi na kufia kwenye taa,
kofi zima la mabawa makavu.
Vikafuata vipande viwili vya vocha vilivyokatwa pembetatu,
kifungo cha shati,
tiketi ya kivuko cha Kamanga, ya kwenda tu.
Vyote nikaviandika kwenye daftari la madeni
chini ya jina lake.

Tatizo lilikuwa nyuzi.
Ziwa letu halina chumvi, lakini unyevu ni unyevu,
unapanda mawe ya Igogo usiku, unapenya chini ya bati.
Zile tatu nene zilikwisha kushika kutu.
Mashauri, mpiga besi wa kwaya, akacheka:
Zichemshe, mama. Kama viazi.
Ila usizitoe zote kwa mpigo. Toa moja, rudisha, ndipo utoe nyingine.
Shingo imezoea kuvutwa, ukiiachia ghafla inapinda.

Nikanyamaza kidogo hapo.
Mume wangu ana miaka sita huko Geita.

Jioni tatu, mkaa wa mia tano kila jioni.
Binti yangu akafunua sufuria: Leo tunakula nini?
Nyuzi, nikamwambia.
Maji yakatoka kahawia, mazito, na waya ukatoka
unang'aa kama samaki aliyevuliwa sasa hivi.

Tangu siku hiyo ni kufuta tu.
Kipande cha kitenge kinapita chini ya waya, kinapita juu yake,
kutoka tumboni mpaka kwenye vigingi,
na kila waya unatoa kasauti: fyuuu.
Mwembamba unalia kama birika, mnene unaguna.
Sikuwahi kulipiga, hata siku moja. Kufuta tu.

Jumanne Lugiko akaja na elfu sabini, noti zimelowa.
Kumi nitaleta, akasema.
Nikampa gitaa, nikampa na kifungo chake, na vocha, na tiketi.
Akaketi kizingitini, akalitekenya mara moja,
akasimamisha nyuzi kwa kiganja.

Nani amekuwa akilipiga?
Hakuna.
Mama Nyanzala, nyuzi hizi si za kitu kilicholala.
Nikamwambia alete kumi yangu.

Akashuka katikati ya mawe, gitaa mgongoni,
akijigonga na kulikinga, kujigonga na kulikinga.

Usiku nikanawa kwa ndimu mpaka kwenye kiwiko.
Kitambaa kilikuwa tayari mkononi.
Nikaitungua mizani ukutani, nikaifuta sahani,
nikaifuta springi yake, pete kwa pete.
Mshale ukatetemeka, ukachelewa kidogo
kurudi sifuri.