Kipengele cha Saba

Fomu ya ruzuku ilifika Matema ndani ya mfuko wa mbolea,
imekunjwa mara nne, inanuka usipa.
Kijana wa bodaboda aliikinga mvua tangu Kyela
kwa kifua chake mwenyewe, akadai mia tano zaidi.
Kurasa kumi na moja. Nakala tatu.
Mhuri kila ukurasa.

Mhuri wetu tuliuchonga kwenye soli ya kandambili.

Bupe anaandika, maana mwandiko wake hauyumbi.
Mimi nasoma kwa sauti.

*Jina la kikundi.* Rudi Salama.
*Anwani.* Sanduku la kanisa, kwa ruhusa ya mchungaji.
*Mali.* Jaketi okozi kumi na nne, mbili zipu zimekufa,
filimbi sita, kamba,
ubao wa chaki: LEO ZIWA LIMEKATAA.
*Mchango wa wanakikundi, asilimia kumi.*
Hapo tukakohoa.
Ambwene akatoa jogoo. Nsajigwa, debe la mpunga.
Bupe akaandika: fedha taslimu.

*Eleza tatizo.*
Tatizo ni Jumapili.
Tatizo ni watu wa Tukuyu na Mbeya mjini, wamevaa vizuri,
wanataka boti hadi Lyulilo wakaone vyungu,
na katikati ya maji wanasimama wote upande mmoja
kupiga picha.
Tatizo ni yule bibi harusi: "Hilo jaketi litaniharibia gauni."
Tulimvalisha juu ya shela. Alinuna kwenda na kurudi.
Bupe akauliza: hili nalo niandike?
Andika.

Kisha kipengele cha saba.
*Taja idadi ya vifo vilivyozuiwa.
Ambatisha ushahidi.*

Nikasoma tena, labda macho yangu.
Nje, mawimbi yalikuwa yakikwangua changarawe
kama mtu anayesugua sufuria lililoungua.

Unamwambatishaje mtu aliyefika kwao,
akala, akalalamika chumvi, akalala?
Asiyekufa hachukui risiti.
Hajui hata kwamba hakufa.

Nsajigwa akasema tuweke mia mbili, nani atahesabu.
Ambwene akasema mia mbili na kumi na tatu,
namba isiyo duara huaminika.
Tukacheka, kisha tukakumbuka nani amekaa karibu na mlango.

Mama Syabumi, mweka hazina wetu,
hajawahi kuzungumza kikaoni isipokuwa kutaja salio.
Agosti ile, upepo wa kusini ulipovuka ziwa lote
bila kupata cha kuuzuia ila sisi,
boti ilikuwa na watu sita na jaketi moja,
na jaketi lilikuwa limekaliwa, kama mto.
Gwakisa alikuwa na miaka kumi na tisa.
Alikuwa amelikalia yeye.

"Andika mmoja," akasema.
Bupe akasema, mama, wanataka waliozuiwa.
"Najua wanachotaka. Nimesikia.
Andika mmoja, pembeni,
wajue tunaanza kuhesabia wapi."

Pembeni palikuwa padogo.
Bupe alisimamisha herufi, zikabanana
kama watu chini ya paa moja la mabati.
Kisha tukagonga kandambili, mara thelathini na tatu,
hakuna aliyesema neno.

Majibu ndani ya siku tisini, wamesema.
Leo ni ya arobaini na moja.

Jumapili iliyopita waliingia majini ishirini na saba.
Walirudi ishirini na saba; tulihesabu mara mbili,
wote wakilaumu harufu ya jasho la wengine.
Mmoja, mnene, mcheshi, mwalimu nadhani,
alipanda gari akaondoka amevaa jaketi letu,
amelisahau mwilini.
Tulipiga filimbi hadi vumbi likatua.

Kwa hiyo, waheshimiwa, rekebisheni ukurasa wa pili:
jaketi ni kumi na tatu.
Na kuhusu kipengele cha saba,
kiambatisho kipo Ipinda,
kinatembea, kinakula,
kimevaa namba tisa.