Simu ya Alhamisi

Alhamisi saa tatu usiku nakaa chini, jikoni,
mgongo nimeuegemeza friji,
maana hapa tu, katika nyumba nzima ya Maabela,
mtandao haukatiki.
Dakika kumi. Wamewapa dakika kumi,
na nyuma yake kuna foleni, nawasikia vijana wakikohoa.
Baba yake sebuleni hupunguza taarifa ya habari
lakini haji. Husema, simu ni yako.

Wiki ya kwanza yalikuwa mambo ya miguu:
buti mpya, malengelenge, soksi mbili mbili.
Hayo nayajua. Nikamwambia apake mafuta ya nazi,
ngozi asiichune.
Wiki ya pili, hesabu.
Wiki ya tatu akashusha sauti:
"Mama, kitabu cha rada ni Kiingereza,
mkufunzi anafoka kwa Kiarabu,
na mimi nikilala naota kwa Kiswahili.
Mpaka nizikusanye zote tatu
wenzangu washafungua ukurasa mwingine."

Hiyo ya kuotea nilimpa mimi.
Nikaona haya, kama mama aliyemfungia mwanawe
masurufu ya nusu safari.

Alipokuja likizo ya siku moja
alilala kutoka adhuhuri mpaka magharibi, mdomo wazi,
akasahau karatasi zake juu ya kabati.
Nami nashona kofia za duka moja la Matrah,
tundu kwa tundu, macho yamezoea vitu vidogo.
Nikazitandaza mezani, kofia pembeni.
Mishale. Vijumba. Mistari ya mapindopindo
kama njia ya siafu.
Sikuambulia kitu.

Basi Biju alipokuja kutengeneza kiyoyozi
nilimtilia chai, nikamwekea na karatasi.
Kiarabu chake cha kuokoteza, changu cha sokoni,
tukakutana katikati.
Akanitoa uani, akafungua bomba la kumwagilia mlimau,
akaukunja mpira kwa vidole viwili.
"Hii," akasema, akaubana, "hii ndiyo inayokataa."
Maji yakawa uzi.
Nikamwambia mimi naiita ukinzani.
Akalijaribu neno mara tatu, likamshinda, akacheka,
akapanda ngazi kurudi kwenye kiyoyozi chake.

Alhamisi iliyofuata Muhunna hakunisalimu vizuri.
"Nimefeli karatasi ya pili. Njooni mnichukue."
Methali ilishafika ulimini,
ile ya mvumilivu na mbivu.
Nikaimeza. Aliyefeli jana hataki tunda.
Nikaliona buti lake moja akilini, limelala ubavu.
Dakika mbili zikaenda hivihivi, friji likinguruma mgongoni.

"Muhunna."
"Naam."
"Nikiubana mpira wa maji, maji yanakuwaje?"
Kimya.
"Mama, umeelewa nilichokwambia?"
"Nimeelewa. Yanakuwaje?"

"Yanapungua!" akapiga kelele baba yake kutoka sebuleni,
yeye asiyesikiliza.
Na mwanangu, huko aliko, kwenye foleni ya wanaokohoa,
akacheka kama aliyekabwa na tonge.
"Nani kakufundisha?"
"Jibu kwanza. Na nikitaka yasipungue, nami bado nimebana?"
Akajibu. Akajibu kwa Kiswahili,
kisha akarudia kwa Kiingereza, polepole,
kisha akasema, ngoja, ngoja,
na simu ikakatwa, zamu ya mwengine.

Hakusema tena tumchukue. Hakusema hatakuja pia.
Baba yake aliinuka, akanywa maji, akarudi.
Hatukutazamana.

Kuna jambo sijamuuliza:
hiyo rada, ukishaijua, itakuwa inatazama nini kije,
na wewe utakuwa umekaa wapi?
Halina nafasi ndani ya dakika kumi.

Jumatatu Biju anapita kwa jirani.
Nimeshaandika nyuma ya karatasi ya mkate
lile neno la ukurasa wa kumi na tisa,
herufi kwa herufi, kama nilivyoliona,
na nimetenga vitumbua vinne.