Mstari wa Kalamu

Mimi ndiye niliyechora mstari kwenye chupa,
kalamu ya bluu juu ya kipande cha plasta,
siku ileile daktari alipombadilishia mama dawa:
akaiacha ile ya kila saa nne, iliyotuamsha
kama mtoto mchanga, akaandika methadoni,
asubuhi na jioni, basi.
"Hii haina papara," alisema. "Inaingia polepole, inakaa.
Msimwongezee kwa sababu bado analalamika. Ngojeni."

Jina lile nililijua.
Ndiyo anywayo kaka yangu Aminieli
kila alfajiri, Jumapili na Krismasi,
dirishani, mbele ya nesi Restituta:
kikombe cha plastiki, kisha maji, kisha
"Sema jina lako."
Naye hulisema lote, la ubatizo, la baba, la ukoo,
Aminieli Josephati Ulomi,
ili nesi ajue kinywani hakubaki kitu.

Usinilaumu kwa ule mstari.
Wewe hukumwona na arosto yake
sakafuni kwetu Pasua, amejikunja kama jongoo,
kamasi, kuhara, meno yakigongana katikati ya Januari
na jua la Moshi likipasua mabati.
Hukuamka ukakuta pasi haipo,
redio ya marehemu haipo,
mlango wa choo haupo.
Mlango!
Aliubeba kichwani mchana kweupe
na majirani wakampisha.

Aliporudi alishika jani la isale.
Mimi sikulipokea. Mama alilipokea,
akalitia kwenye glasi ya maji, likaota mizizi,
na mpaka leo liko kabatini, kando ya chupa,
lanitazama kila nikifungua.

Wiki ya kwanza nilipima.
Wiki ya pili nilipima.
Dawa haikuwa imeshuka upesi.
Dawa ilikuwa haishuki vya kutosha.

Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu kwa simu.
Mwizi gani huyu asiyepunguza?
Nikadhani kaongeza maji. Nikagusa kwa ncha ya ulimi:
chungu. Ndiyo yenyewe.

Usiku ule mama alikuwa anasaga meno,
mkono kwenye nyonga, pale ugonjwa ulipopiga kambi.
Nikamuuliza. Akageukia ukutani.
"Namwekea Aminieli.
Siku mvua ikikata barabara,
siku dirisha likifungwa,
asije akalala tena pale chini."

Sikujua nicheke au niangue kilio.
Nyumba moja, dawa moja:
huyu hupewa asitamani,
yule hupewa asiumie,
na anayeumia ndiye anayejinyima.

Nilimwambia kaka kwa ukali, kana kwamba kosa ni lake.
Alikuwa anamenya ndizi za mtori.
Aliweka kisu chini,
akanyamaza hadi maji yakachemka.
Kisha akaniomba ufunguo wa kabati.

Kama kuna kisa, kipo hapo:
ufunguo kiganjani mwangu, wa moto kwa jasho,
na mlango wa choo ukinipita tena akilini
juu ya kichwa cha mtu huyuhuyu,
na kwamba niliutoa.

Alivuta dawa kwa bomba la sindano, bila sindano,
akaliinua kwenye mwanga. Macho yake
(niliyatazama, sitasema sikuyatazama)
yalikuwa kwenye namba tu.
Mkono ulimtetemeka kidogo.
Wangu pia.

"Kunywa, mama. Na maji.
Haya, sema jina lako."

"Aminieli," mama akasema.

"Si hilo. La kwako."

Akatukazia macho kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.
"Ndeshukurwa," akasema, "Ndeshukurwa wa Josephati,"
akafungua kinywa,
nasi tukachungulia sote wawili,
vichwa vikigongana.